Tafsiri ya Hhando

Niseme mapema: mimi sina ugomvi na simu. Simu ninazo mbili, na saluni yangu hapa nyuma ya stendi ya Karatu inaishi kwa hizo simu. Mteja ananitumia picha ya msuko, namsuka, habari ya mjini naipata kabla haijafika sokoni. Ninachogombana nacho ni watu kumi na wanne kukaa sebule moja siku ya Krismasi, mbuzi ameiva, pilau inanukia, halafu nyumba iko kimya kama chumba cha mtihani.

Hiyo ni nyumba ya kaka yangu Patrisi, kule Ganako. Patrisi alianza kama dereva wa kupeleka watalii kreta ya Ngorongoro, kwa gari la mtu, leo ana magari matatu yake mwenyewe. Nyumba ina vigae mpaka chooni. Sebuleni kuna televisheni pana kama kitanda cha tano kwa sita, imebandikwa ukutani, na siku hiyo ilikuwa inaongea peke yake kama mlevi. Wifi yangu yuko na simu yake, watoto wako na za kwao, wageni wa Mbulu, watu wazima waliopanda gari kuja kutusalimia, nao shingo chini. Huyu kaweka visikio, yule anacheka na kioo.

Katikati yao, kwenye kochi la peke yake, kakaa mama yetu.

Mama Cresensia presha ya macho imemla mwaka wa sita sasa. Anaona mwanga, anaona kivuli cha mtu akipita, basi. Mtu akicheka upande huu anageuza uso huku, akicheka mwingine kule anageuza kule, na kila mara anauliza, "Kuna nini?" Nao wanamjibu, "Hamna, Bibi, ni video tu." Mara saba nimemsikia akiuliza, mara saba hamna. Ya nane hakuuliza.

Nilipokuwa namnawisha mikono baada ya kula ndipo akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba Mwaka Mpya ukipita anarudi Endabash kwenye nyumba ya marehemu wazazi wake. Begi ameshafunga. Ile nyumba ninaijua. Bati limeliwa na kutu, maji mpaka uteremke korongoni, na jirani wa karibu ni mtu ambaye ukimwita leo anaitika kesho. Mama asiyeona akae humo na nani? Nikauliza kulikoni, nani kamkosea. Akasema hakuna aliyemkosea, Patrisi ni mtoto mzuri, wifi yako ananipikia uji kila asubuhi.

"Ila nyumba haina watu," akasema.

Nikageuka kuwatazama wale watu kumi na wanne.

Patrisi alipoulizwa alisema ni uzee. Wazee wanapenda kwao, tumwache kidogo, atachoka mwenyewe. Mkewe alilia, kwa sababu mtaa mzima utasema kamfukuza mama mkwe. Mimi nikasema hakuna cha uzee hapo. Yule mama ndiye aliyekuwa na sebule iliyojaa kuliko zote Ganako, na ninyi mmemweka kwenye bohari la vigae.

Maana nyie hamjui. Mwaka tisini na nane baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori la vitunguu, alirudi kutoka Arusha na televisheni ya inchi kumi na nne isiyo na rangi. Umeme mtaani hakuna. Tuliiwasha kwa betri ya gari, na betri tulienda kuichaji kwenye mashine ya kusaga, inakaa pale kutwa nzima pamoja na mahindi ya watu. Chaji yenyewe ilikuwa inatosha taarifa ya habari ya baba siku mbili tatu, na katuni za Jumamosi saa kumi na moja jioni. Kwa ajili ya hizo katuni mtaa mzima wa watoto ulihamia kwetu.

Mama hakumfukuza mtoto hata mmoja. Sharti lake lilikuwa miguu. Mnaujua udongo wa Karatu ukinyeshewa, mwekundu, unashika kama gundi. Mlangoni aliweka beseni la maji, kila mtoto ananawa miguu kabla ya kukanyaga jamvi, na kila mtoto anakuja na kijiti kimoja cha kuni, kwa sababu katuni ikiisha kulikuwa na makande. Mtoto wa mwisho kunawa alikuta maji mekundu kama chai ya rangi, ananawa hivyohivyo. Halafu tunabanana. Mimi mgongo wangu ulikuwa wa kuegemewa na Nashipai, binti wa jirani yetu Mmasai aliyehamia kutoka Ngorongoro, na hadi leo bado ananiegemea, tunasuka naye saluni.

Tatizo lilikuwa moja. Katuni zilikuwa za Kiingereza, na sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha "gudi mongi ticha".

Ndipo anaingia Hhando. Hhando alikuwa darasa la sita, na alikuwa ameishi miaka miwili kwa mjomba wake Arusha. Kwetu sisi mtu aliyeishi Arusha angeshindwaje Kiingereza? Akawekwa mbele pembeni ya kioo akiwa na kijiti cha kuonyeshea, akawa mfasiri wetu. Kulikuwa na katuni ya mbweha mwembamba aliyevaa kofia na mbwa mmoja mwenye mashavu ya kuning'inia. Hhando akatuambia mbweha anaitwa Tluway, na yule mbwa ni Mzee Bura. Tluway anamtaka binti wa Mzee Bura, na Mzee Bura hataki mkwe fukara. Kila Jumamosi Tluway anakwenda kuposa na kila Jumamosi anatolewa mbio. Mara ngazi inaanguka, mara anafungiwa kwenye pipa. Binti mwenyewe hatukumwona hata siku moja, Hhando akasema ni kwa sababu ya adabu, binti anayeposwa haonyeshwi.

Tuliamini. Tena tulibishana. Jumapili kanisani, Jumatatu shuleni, Jumanne kisimani, mahari ya Mzee Bura ni halali au ni uroho? Nashipai alisema kwao ng'ombe anaowadai ni wachache mno, Mzee Bura anajidhalilisha. Paliwahi kupigwa ngumi. Mpaka leo Ganako, baba akiwa mgumu kwenye kupokea posa, watu wa rika letu wanasema kawa Mzee Bura, na vijana wanatukodolea macho.

Basi siku ile ya Krismasi nikasimama katikati ya vigae nikatangaza. Keshokutwa Jumamosi saa kumi na moja watu wote sebuleni, tunatazama katuni ya mbweha kama zamani. Simu zote kwenye ndoo. Hhando nitamwita mimi. Patrisi akaanza mambo ya wageni wake, kwamba huenda wakatuma ujumbe. Nikamwambia wageni wako wamekuja kutazama tembo, watazame tembo. Nilikuwa na shabaha moja tu. Mama akiiona ile sebule inajaa tena, hata kwa kuisikia, atafungua lile begi.

Kijana wa Patrisi, Modest, amemaliza kidato cha sita kwenye shule zile za Kiingereza tangu chekechea. Nikamweleza ile katuni. Aliitafuta kwenye simu nikiwa bado naeleza mbweha amevaa nini, akanionyesha, "Ni hii, Shangazi?" Kitu tulichokisubiri wiki nzima, tukabeba betri kichwani, mvua inanyesha, yeye kakileta kwa kidole gumba kabla sijafunga mdomo. Nilikasirika, sijui hata nilimkasirikia nani.

Jumamosi Hhando akaja kutoka Mang'ola na pikapu yake. Siku hizi analima vitunguu, kanenepa, ana kitambi cha heshima, na ukimsalimia anatazama chini. Alileta gunia zima la vitunguu kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Nashipai akaja na shuka zake nzuri na makande kwenye hotpoti. Mimi nikaweka beseni mlangoni. Watoto wa Patrisi wakaliangalia lile beseni, wakatazama soksi zao nyeupe, wakacheka. Mdogo wao akauliza kama ni la mbwa. Nikawaambia wanawe, na wakanawa, wakijipiga picha kabla sijafikisha ndoo.

Lakini Mama aliposikia maji yanamwagika mlangoni, alinyanyua kichwa. Akauliza ni nani huyo ananawa, na mtoto akataja jina lake, na anayefuata akataja, wote mpaka wa mwisho. Nikamkonyeza Nashipai. Nikasema moyoni, hapa begi linafunguliwa.

Tukakaa. Watu kumi na sita, wengine kwenye makochi na wengine chini, nikawalazimisha wabanane. Modest akarusha katuni kwenye kioo kikubwa. Kumbe mbweha ana rangi, kofia yake ni ya bluu, miaka yote ile sikujua. Hhando akasimama pembeni na mwiko wa jikoni badala ya kijiti, akakohoa mara mbili, akaanza. Halafu Tluway akafika getini kwa Mzee Bura, na Hhando akapata joto. "Hodi, mkwe. Leo nimekuja na wazee wangu. Mzee Bura anasema, wazee gani, mimi naona ngazi. Tluway anasema, hiyo ngazi ndiyo mjomba." Mama akacheka. Nyie, sijamsikia kucheka vile tangu baba afariki. Alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini, macho yake yasiyoona yamekodoka kuelekea sauti. Watoto nao wakaanza kucheka, mmoja akauliza binti anaitwa nani.

Modest akasema, "Anko, samahani. Hajasema hivyo."

Hhando akabaki na mwiko juu.

"Huyu mbweha ni mpeleka barua," Modest akasema, na nitamtendea haki, hakusema kwa dharau, alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kifungo kimefunguka. "Anapeleka barua. Mbwa hapendi kelele za kengele ndiyo maana anamfukuza. Hakuna mchumba. Maneno haya hapa chini, someni."

Akabonyeza, maandishi yakatokea, na watoto wote wakayasoma, na wote wakamgeukia Hhando. Kisha wakaanguka kicheko, kile kicheko cha kumcheka mtu. Mmoja akaomba simu yake arekodi. Hhando akasema kwa sauti ya chini kwamba Arusha kwa mjomba alikuwa anachunga mbuzi, shule hakupelekwa, Kiingereza hakuwahi kukijua. Alitaka tu kukaa mbele.

Nashipai akasema, "Miaka mitatu nimemlilia yule binti."

Mimi sikumlaumu Hhando hata dakika moja. Nilimgeukia Modest. Nikamwambia ana akili za mashine ya risiti. Nikamwambia sisi tulikuwa na Kiingereza sifuri na tulikuwa na kitu cha kuongea wiki nzima, wao wana Kiingereza chote cha dunia na hawana hata cha kumwambia bibi yao mezani. Nilisema mengi. Patrisi akaniambia nipunguze sauti, majirani. Nikaongeza.

"Felista, mwache mtoto," Mama akasema. "Anasema kweli. Ni barua."

Tukamwangalia wote.

Akatueleza kwamba alipokuwa msichana, kabla hajaolewa, alipika miaka minne jikoni kwa mzungu mwenye shamba la kahawa kule Oldeani. Kiingereza alikijua cha kuagizwa, cha kutukanwa na cha redio. Hakutuambia kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na baba yetu asingependa. Siku ya kwanza tu Hhando alipofungua mdomo, alijua mtoto anadanganya.

"Sasa mbona ulinyamaza, Ayo?" Hhando akauliza. Alimwita Ayo, yaani mama kwa Kiiraqw, kama zamani, kama sisi sote tulivyomwita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita.

"Ningesema ni barua, mngebishania nini mpaka Jumatano?" Mama akasema. "Endelea. Tluway kafika wapi?"

Hhando akajaribu kuendelea. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Mama ameomba, hadithi imerudi, na watoto walikaa nayo dakika ngapi? Kwanza ndoo ilitoa mlio, mmoja akaenda kuangalia tu ni ya nani. Akabaki nayo. Wa pili akaenda kumwambia wa kwanza arudi, akabaki na yake. Wageni wa Mbulu wakakumbuka lazima wajue gari la kesho linaondoka saa ngapi. Patrisi akapigiwa na mgeni aliyepotelewa na miwani, akatoka nje, tukamsikia kupitia dirishani anaomba msamaha kwa niaba ya miwani. Katuni haijafika nusu, ndoo ilikuwa tupu. Modest ndiye alibaki kuliko wenzake, nampa hiyo, lakini naye macho yalikuwa kwenye paja.

Hhando akawa anamfasiria mtu mmoja. Nashipai na mimi tulikuwepo, ila mimi nilikuwa nimejaa hasira kiasi kwamba sikusikia neno. Katuni ilipoisha, Mama akamshukuru Hhando, akamuuliza kama pikapu yake kesho asubuhi inaweza kuzungukia Endabash. Hataki kusubiri Mwaka Mpya.

Basi nikalipuka. Niliwaita majina yao wote, mmoja mmoja. Nikawaambia mnamwona mama yenu anakwenda kukaa na kutu kwa sababu hata katuni moja imewashinda. Nikawaambia nyumba hii ni stendi bila abiria. Nikamwambia Patrisi vigae haviongei. Nikasema laiti ingekuwa kwangu, nyumba yangu haijawahi kuwa kimya hata siku moja, kwangu watu wanaingia na kutoka kutwa nzima, mwenye habari ya ndoa, mwenye habari ya kesi, hadi uji unapoa hatujanywa.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Ni kweli. Kwako kuna watu. Mwaka wa sita huu sioni, Felista. Mbona hujawahi kuniita?"



Jibu nilikuwa nalo siku zote na lilikuwa la aibu. Nimepanga chumba na sebule, sebule ndiyo saluni. Choo tunachangia na wapangaji wengine. Mama mwenye mtoto wa kiume, mwenye nyumba ya vigae, akakae kwa binti kwenye chumba cha kupanga, katikati ya nywele za watu na harufu ya dawa? Wateja wangu wangesema nini? Najua wangesema nini, kwa sababu kama angekuwa mama wa mtu mwingine ningesema mimi, tena kwa madoido. Kwa hiyo nilimwacha huku kwenye vigae, nikawa nakuja sikukuu kwa sikukuu kuwatukana wenzangu kwa kosa ambalo na langu lilikuwemo. Yaani nilijikasirikia mpaka nikatamani kujinasa kibao.

Nikaenda chumbani kwake. Begi lilikuwa pembeni ya kitanda, nikalibeba. Nikatandua shuka, nikakunja godoro, likanishinda, nikaliacha. Nikamshika Mama mkono. Nikamwambia sebule yangu ni ndogo, atalala na mimi kitanda kimoja, na kuna mteja mmoja wa Jumatatu anaongea uongo mtupu.

"Uongo mzuri?" Mama akauliza.

"Mzuri sana."

Akasimama.

Hhando akawasha pikapu, Nashipai akapanda nyuma na hotpoti yake. Patrisi alikuwa bado getini na simu sikioni. Alipoona begi aliikata, hata kwaheri hakumpa mtu wa miwani. Akaniuliza ninampeleka wapi mama yake. Nikamwambia. Akasema nimechanganyikiwa, Mama hawezi kulala kwenye saluni, yeye yupo, nyumba ipo, watu watasema nini?

"Watasema," nikamwambia. "Tena wataanzia kwangu, maana wakitaka kumsema mtu huwa wanakuja kukaa pale pale. Safari hii Mama atakuwepo awajibu."

Patrisi alinuna. Alisimama mbele ya pikapu kama anataka kuizuia, macho yakamwiva mekundu, na ghafla nikaona yule kaka yangu aliyekuwa akibeba betri kichwani mvua ikinyesha ili sisi tuone mbweha.

Mama, aliyekuwa ameshakaa mbele ndani ya pikapu, ndiye aliyeteremsha kioo. Akamwambia godoro lake alilete mwenyewe Jumatatu, asimtume dereva. Na akifika asimwitie nje huku gari linaunguruma, azime, aingie ndani, akae chini mpaka aulizwe habari za nyumbani.